Kiti cha Mauwa: Maisha ya Papa Polycarpe Kazadi (1953–2018)

Ndugu, marafiki, wanaparokia na majirani wa Evere, asanteni kwa kufika. Anayesoma haya ni Patient, kaka yake Régine, yaani shemeji wa marehemu. Familia ilimpa kazi hii kwa sababu wengine wote wangelia kabla ya kufika katikati, na kwa sababu shemeji kwa desturi zetu ana ruhusa ya kusema yale ambayo mke na watoto hawawezi. Basi avumiliwe. Atasema mengi juu ya gari. Hakuna namna ya kumweleza Polycarpe ukaliacha gari lake nje, na sisi tuliolichukia kwa kelele zake, msomaji akiwa wa kwanza, leo tumelipita pale kwenye geti la makaburi tukashindwa kulitazama.

Polycarpe Kazadi alizaliwa tarehe 2 Juni 1953 katika mji wa shaba wa Likasi, Katanga, ambao wakati ule uliitwa Jadotville. Baba na mama yake walitoka Kasai kufuata kazi ya mgodi, lakini watoto wao walizaliwa Likasi, wakakua na Kiswahili cha Likasi, na Kasai waliijua kwa masimulizi tu. Polycarpe alikuwa wa kwanza. Wa mwisho alikuwa msichana, aliyezaliwa mwaka 1959, akaitwa Mauwa. Mama yao alipofariki mwaka 1965, ni Polycarpe aliyemwogesha Mauwa, aliyemsuka nywele vibaya, na aliyempeleka shule akimshika mkono. Wavulana wenzake walimcheka, wakamwita mama Polycarpe. Hakujali hata kidogo.

Lazima tuseme hapa kisa cha mwaka 1968, maana mengine yote yametokea pale. Mkandarasi mmoja mzungu mjini Likasi alikuwa na Chevrolet Nova ya mwaka 1966, gari la Kimarekani lenye pua ndefu na mlango mmoja kila upande. Siku moja ya mvua likazimika kwenye barabara ya soko. Kwetu gari likizimika tunasema limekufa, na tunalisema bila kufikiri. Mzungu akawaita watoto wasukume, akaahidi kuwapandisha wote mpaka mwisho wa barabara. Wakasukuma, likawaka, na mwenyewe akaenda zake bila hata kugeuza shingo. Mauwa alipoteza kandambili moja kwenye matope. Alilia sana, na haikuwa kwa ajili ya kandambili. Kaka yake akachuchumaa mbele yake.

"Nyamaza, Mauwa," akamwambia. "Siku moya nitakuwa na yangu, ya vile vile. Weye utaikala ku mbele, pembeni yangu. Muntu mwingine hataikala pale."

Watoto husema mengi wakiwa na matope magotini, na wengi husahau kabla hayajakauka. Huyu hakusahau.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, kisha shule ya ufundi, na mwaka 1972 akapata diploma ya umakanika. Mwalimu wake aliandika kwamba ana mikono mizuri na maneno machache. Mwaka huo huo aliajiriwa katika karakana ya malori ya mgodi, akafanya kazi hapo miaka ishirini. Hapo ndipo alipopata lile sanduku la vifaa la chuma, la kijani, ambalo wengi wenu mmejikwaa nalo kwenye korido ya nyumba yake. Mauwa aliolewa, akazaa, lakini hakuhama mtaa. Kila Jumapili alimpelekea kaka yake chakula, kisha wanakaa mlangoni na kubishana juu ya rangi ya gari ambalo hawakuwa nalo.

Mwaka 1992 ukaja. Watu wa Likasi mliopo hapa hamhitaji kuelezwa, na watoto wenu mtawaeleza wenyewe nyumbani. Watu wenye majina ya Kikasai kama lake waliambiwa warudi Kasai, hata wale ambao hawajawahi kuiona, wakalala stesheni na magodoro na sufuria zao wakisubiri treni. Polycarpe alikuwa pale pamoja na Mauwa, mume wa Mauwa na watoto wao. Asubuhi moja alirudi nyumbani kuchukua sanduku la vifaa, maana aliona kwamba huko waendako atahitaji kitu cha kuwalishia. Aliporudi stesheni, mabehewa yalikuwa yamekwisha kuondoka. Mtu mmoja alimwambia alimwona Mauwa mlangoni mwa behewa akiita jina lake, mpaka treni ikapinda. Polycarpe alibaki amesimama na sanduku mkononi.

Hakumpata. Aliandika kwa mapadri, akauliza madereva wa malori, akatuma salamu kwa kila aliyekwenda Kasai. Alivuka kwenda Zambia akitengeneza magari ya watu njiani, na mwezi wa tatu mwaka 1995 akashuka katika stesheni ya Gare du Midi hapa Brussels, na sanduku lile lile. Alizoea kusema kwamba wakati ule angelitupa, lakini lilikwisha kumgharimu mno.

Ndoa yake ilianzia hapo hapo, kwenye soko la Jumapili la Gare du Midi. Muuzaji mmoja alikuwa akipaza sauti, "Pondu, pondu!" kwa Kilingala. Watu wawili wasiojuana wakamjibu kwa pamoja, kwa hasira ile ile: "Ni sombe!" Mmoja alikuwa Polycarpe wa Likasi. Mwingine alikuwa dada yangu Régine, binti wa Bukavu, mkimbizi kama yeye, ambaye alikuwa akiwahudumia wazee huko Woluwe-Saint-Lambert. Waligawana lile fungu la majani ya muhogo, na tarehe 19 Julai 1997 wakafunga ndoa katika komuni, yaani ofisi ya manispaa, ya Evere, kisha kanisani. Mungu aliwajalia Océane mwaka 1998 na Aristote mwaka 2001. Mwaka 1998 pia ndipo alipopata kazi ya umakanika katika karakana ya magari ya mizigo, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2015. Kila Jumapili, padre alipouliza nia za misa, Polycarpe alisimama na kusema nia moja tu: "Kwa ajili ya Mauwa, dada yangu." Parokia nzima ililijua jina hilo.

Mwaka 2003 alilipata gari. Lilikuwa kwa mjane mmoja mashambani huko Flandre, katika banda la kuku, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Chevrolet Nova ya mwaka 1966, ya vile vile. Lilikuwa na kutu kiasi kwamba ukikanyaga sakafu mguu unakutana na ardhi. Régine alipoliona likishushwa mbele ya jengo alijishika kiuno.

"Papa Océane, hii ni mutuka ao ni kisonso ya kuku?" aliuliza, akimaanisha kiota.

"Itapona," akajibu.

"Na sisi bote bane tutaikala wapi?"

Ukweli ni kwamba hawakukaa popote. Alikodi boksi, ile gereji ndogo chini ya jengo, akaanza. Hakutaka kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Alitia injini kubwa ya silinda nane, inayoitikisa ghorofa ya kwanza mpaka sahani zinahama kabatini. Nyuma aliweka matairi mapana, ndani akachomelea ngome ya mabomba ya chuma, kisha akaanza kutoa kila kilichokuwa kizito bure: kiti cha nyuma, zulia, kifaa cha joto, redio. Lilikuwa gari la mashindano yale ya kwenda moja kwa moja, magari mawili ubavu kwa ubavu, mita mia nne na kidogo, basi imekwisha. Likawa pia gari la barabarani, lenye namba na bima kama mengine. Ubavuni nyuma aliandika kwa mkono wake, kwa rangi ya njano: MAUWA.

Kuanzia mwaka 2006 alikwenda kushindana kwenye uwanja mmoja wa zamani wa ndege za jeshi, pamoja na rafiki yake Guylain, mtu wa Lubumbashi, mpishi katika nyumba ya wazee na sauti ya nne katika kwaya yetu. Polycarpe hakuwa bingwa. Kombe alilopata moja liko sebuleni na linatunza vijiko. Wabelgiji wa pale walimpenda, wakamshauri bila kuchoka afungue boliti za kiti cha mbele cha abiria, kile kiti kizito cha zamani, maana katika mbio zile hata nusu kilo ina maana. Guylain naye akaingilia.

"Tonton, ile kiti inakula temps, inakupotezea masegonde. Tuitoshe, quoi! Hakuna muntu anaikalaka pale."

"Ile kiti iko na mwenyewe," Polycarpe akasema, na akaendelea kufunga boliti zake.

Mwenyewe hakuonekana, lakini kiti kilibaki. Hakuna aliyekikalia, wala Guylain, wala watoto, wala mke. Régine alikwenda sokoni kwa basi na mifuko yake, na gari la mume wake likimpita njiani likiwa na kiti kitupu. Ni kwa kituko hicho msomaji wa maneno haya alikosana na marehemu mwaka mzima. Tuseme pia, kwa kuwa hayupo wa kutukatalia, kwamba mara moja kwenye taa nyekundu vijana wawili wenye gari jipya la Kijerumani walimtazama yeye na mvi zake wakacheka. Taa ilipogeuka, baba wa watu akaliachia. Habari ilifika parokiani kabla yake, na padre akaitaja katika mahubiri bila kutaja jina.

Sasa tufike Jumapili ya tarehe 12 Septemba 2010. Wazee wa parokia mnatabasamu tayari. Siku hiyo uwanjani, katikati ya mbio, injini ya Mauwa ilipasuka. Mafuta yakamwagika njia nzima. Polycarpe alishuka, akakaa chini kwenye majani, akalia kama mtu aliyefiwa. Guylain aliogopa, akampigia Régine, lakini Régine alikuwa kazini na simu yake imezimwa. Basi akampigia Maman Bibiane, ambaye alikuwa mgeni parokiani na bado hajasikia habari za gari.

"Maman Bibiane, tafazali, umwambie Maman Régine: Mauwa amekufa. Papa Polycarpe eko analia, hataki hata kunywa mayi."

Maman Bibiane alimjua Mauwa mmoja tu, yule wa nia za misa. Alifanya kile ambacho kila mama mwema wa kwetu angefanya. Aliwaita akina mama wote, wakapata ufunguo kwa jirani, wakasogeza makochi, wakatandika mikeka, wakawasha mishumaa, wakatia maji jikoni kwa ajili ya fufu. Kisha akawapigia ndugu zake wa Lubumbashi wawaambie watu wa Kasai kwamba Mauwa Kazadi wa Likasi amefariki, na kaka yake yuko Brussels anamlilia, akawaachia na namba yake ya simu. Polycarpe alipofungua mlango jioni hiyo, mweusi kwa mafuta mpaka kwenye nyusi, alikuta nyumba imejaa watu na wimbo wa msiba umefika ubeti wa tatu. Akasimama mlangoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Eh, papa, pole sana," Maman Bibiane akamshika mikono. "Mauwa. Guylain alituambia."

Polycarpe akawatazama wote. "Na mulikuya bote juu ya ile? Munanipenda kiasi hii?"

"Papa, sisi ni famille."

"Merci, ba maman. Merci mingi. Bon, mumefanya muzuri, lakini musilie sana. Kesho na Guylain tutamufungua, tutaangalia mu ndani ni nini ilipasuka."

Maman Bibiane akapiga kelele, na mama mmoja akaangusha bakuli. Kama Régine hangeingia dakika ile akitoka kazini, sijui tungefika wapi. Alitazama mikeka, akatazama mafuta kwenye uso wa mume wake, akaelewa yote kabla ya kuvua koti. Akawaeleza watu. Wengine walitaka kucheka, wengine waliona aibu, na kwa kuwa fufu ilikuwa imeiva, wote wakala. Polycarpe hakula. Alikwenda kukaa chini kwenye boksi, kwa sababu kwa muda mfupi alikuwa amesikia jina la dada yake likililiwa kikweli, na jambo lile lilimvunja moyo kuliko injini.

Lakini habari haikujua kwamba ni ya gari. Ilitoka Lubumbashi ikapanda treni, ikapita sokoni, ikatangazwa makanisani. Wiki hiyo hiyo, Polycarpe akiwa mezani na Régine, simu ikalia kwa namba ya Kongo. Sauti ilikuwa ya mwanamke, imezeeka kidogo.

"Ni mi Mauwa," ikasema. "Niko ku Mwene-Ditu, mu Kasai, nauzishaka maharagi. Banasema nilikufa, na kaka yangu eko ananilia ku Mputu, ku Bulaya. Alors nikasema nipige, nimwambie niko muzima."

Régine anasema mume wake alitelemka kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni, polepole, akiwa bado na simu sikioni. Upande wa pili yule mwanamke akangoja, kisha akauliza swali alilokaa nalo tangu stesheni ya Likasi.

"Kaka, ile caisse ya vifaa, uliipata?"

"Niliipata," akasema Polycarpe, na hapo ndipo alipolia.

Mume wa Mauwa alikuwa ameaga dunia, na wawili kati ya watoto wake pia. Alikuwa amejifunza Kiluba ukubwani, lakini kwa kaka yake alirudi kwenye Kiswahili cha utotoni kana kwamba hajakiacha. Tangu siku ile walisemezana kila Jumapili baada ya misa. Mambo mawili yalibadilika nyumbani. La kwanza, Polycarpe alipiga marufuku lile neno. Katika boksi yake hakuna gari lililokufa tena. Jirani akija kusema lake limekufa, aliinua kidole: "Hapa hatusemake vile. Inalala. Sema inalala." Guylain alilipishwa soda mara nyingi kwa kusahau.

La pili ni Régine. Yeye aliyekichukia kile kiti kuliko sote, sasa alikitunza kuliko mwenyewe. Alikishonea kitambaa cha kitenge cha maua ya njano. Desemba ile theluji ilipoziba njia na mabasi yakachelewa, Polycarpe alimkuta kituoni amejikunyata, akasimamisha gari na kumfungulia mlango. Régine alichungulia ndani, akaona kitenge chake, akaufunga mlango.

"Wende," akamwambia. "Mi nitangoya bus. Wifi yangu ndiye ataanza."

Polycarpe aliijenga upya injini boliti kwa boliti, na mwaka 2012 gari likaamka. Alimpigia Mauwa hapo hapo, akamwambia asikilize, akataka kuisogeza simu kwenye mlio. Mauwa akakataa kabisa.

"Apana, kaka. Sitaki kuisikia mu téléphone. Nitaisikia siku nitaikala mu ndani."

Akaishikilia kauli hiyo miaka yote. Hata Aristote alipoliwasha gari kwa mchezo wakati wa maongezi, shangazi yake alikata simu mara moja ili asisikie. Hii ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha ya Polycarpe baada ya hapo, na sote tuliijua: dada yake aje, akae pale, wazunguke hata mtaa mmoja tu wa Evere. Mwaka 2013 viza iliombwa ikakataliwa, kwa kuwa haikuonekana sababu ya kumfanya mama mjane anayeuza maharage arudi kwao. Mwaka 2015 ikaombwa tena, ikakataliwa tena. Polycarpe akasema basi, yeye atakwenda Kasai, na gari litangoja. Alipanga safari ya mwisho wa mwaka 2016. Lakini mwaka huo njia za Kasai zikaharibika kwa vita, na kabla ya njia kutulia yeye mwenyewe akaharibika.

Ugonjwa ulianza kwa kuishiwa pumzi kwenye ngazi. Mwezi wa pili mwaka 2017, huko hospitali ya Woluwe-Saint-Lambert, daktari alimchorea moyo wake kwenye karatasi, akamwonyesha vali isiyofunga vizuri. Polycarpe akamsikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu, akachora vali ya injini pembeni, akauliza kama tatizo ni lile lile. Daktari akasema karibu ni lile lile, ila moyo hauzimwi ukatengenezwa mezani kwa wiki mbili. Walimfanyia upasuaji mwezi wa tano. Alipata nafuu ya mwaka mmoja hivi. Kupanda ndege akakatazwa.

Nafuu hiyo aliitumia kumfundisha Océane. Binti alikuwa na leseni mpya na woga mwingi. Baba yake alikaa nje kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa kuwa hata siku zile hakukubali kukaa kwenye kile kiti, akamwelekeza kupitia dirishani. "Usimusukume na hasira. Mungoye kwanza apate moto. Sikia sauti, mama, sauti itakwambia." Océane alilizima mara nyingi, na kila mara baba alisema tu kwamba amelala, amwamshe tena. Mwezi wa tisa mwaka huu viza iliombwa kwa mara ya tatu, safari hii na barua ya daktari, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa hana muda.

Alirudi hospitalini mwishoni mwa Oktoba. Jibu la viza lilifika Jumanne, tarehe 6 Novemba, nalo lilikuwa hapana. Régine alilisoma mlangoni, akalikunja, akaliweka kwenye mkoba, akapanda basi kwenda Woluwe. Mgonjwa aliuliza kabla hajaketi.

"Viza ilitoka?"

"Bado," Régine akamwambia.

Aliuliza Jumatano, akajibiwa bado. Alhamisi vilevile. Régine ametoa ruhusa jambo hili lisemwe mbele yenu, kwa sababu amechoka kulibeba peke yake. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 9 Novemba 2018, aliuliza kwa macho tu, sauti ilikuwa imekwisha. Régine alimshika mkono akasema, "Eko njiani, Papa Océane. Eko anakuya." Akaonekana kutulia. Muda si mrefu pumzi ikakoma. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Tumeumia, na hatuna njia nzuri zaidi ya kulisema.

Aliyepiga simu Mwene-Ditu ni Régine mwenyewe. Alipofika kwenye lile neno akashindwa kulitamka, kwa mazoea ya nyumba yake. Akasema, "Wifi, kaka yako amelala." Na Mauwa, ambaye alifundishwa sheria ya boksi miaka minane kwa simu, akaelewa. Halafu akauliza kama gari lipo, na kama kiti kipo bado.

Polycarpe Kazadi ameacha mjane, Régine. Watoto, Océane na Aristote. Rafiki wa damu, Guylain. Shemeji mkaidi anayewasomea haya, ambaye kwa mwaka mzima alinuna kwa ajili ya kiti na sasa angefurahi kukipiga pasi kile kitenge. Wapwa walioko Kasai ambao hajawaona tangu stesheni. Na dada yake mmoja, Mauwa, ambaye leo yuko nasi kwa simu.

Yuko nasi hivi. Mauwa aliomba simu isiwekwe kaburini wala mkononi mwa mtu, ila iwekwe juu ya kile kiti, kwenye kitenge, na mlango ufungwe. Iko pale tangu tulipoanza. Maneno yake ya asubuhi tumeyaandika kama alivyoyasema: "Bamwambie mutoto awashe. Miaka yote nilikatala kusikia, nilikuwa nangoya kuikala. Sasa minaikala vile inawezekana. Aiwashe, nisikie mara moya. Kisha aizimishe, kaka apumuzike."

Basi tukimaliza hapa, Océane atatoka mpaka getini aliwashe gari. Tunawaomba radhi majirani wa makaburi, na tunawaomba ninyi msimame kimya mpaka atakapolizima. Hatutasema lile neno. Tutasema kama tulivyozoezwa kwenye boksi ya Evere: Papa Polycarpe analala. Mauwa yuko pembeni yake.